Bwawa la udongo la zamani shambani kwangu: niliongeze kimo au nilibomoe?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimenunua shamba lenye bwawa la udongo la zamani, aliyeniuzia anasema lilijengwa kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe. Tuta lina kimo kama mita 5, maji yakijaa yanafika kina cha mita 4 na yanatanda karibu hekta moja. Juu ya tuta imeota miti. Mimi nimepandikiza samaki, na ile njia ya pembeni ya maji ya ziada nimeiwekea wavu ili wasitoroke mvua ikinyesha. Sasa nataka kupandisha tuta mita moja nipate na maji ya kumwagilia bustani robo hekta. Ila chini ya tuta kuna sehemu haikauki hata kiangazi. Mita 600 hivi kuelekea chini kuna nyumba tatu na barabara. Jirani ananiambia nibomoe kabla halijaua watu, fundi wa greda anasema kibwawa kama hiki hakina shida. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya yote naomba ukimaliza aya hii uweke simu chini, uende ukatoe ule wavu. Usingoje wikendi wala usingoje mpaka wingu litande, maana mvua kubwa ikija inabeba majani, matawi, makopo na kila takataka iliyolala bondeni, vyote vinakuja kunasa hapo kwenye wavu wako na ndani ya saa moja njia inakuwa imezibwa kama ukuta, sasa maji yasiyo na pa kupita yatapanda juu ya tuta, na tuta la udongo haliwezi kuvumilia maji kupita juu yake. Ukuta wa zege maji yanaweza kuupita juu kwa muda ukabaki umesimama. Udongo hapana. Maji yanaanza kukata pale palipo chini zaidi, mara nyingi kwenye kinjia cha ng'ombe au cha pikipiki, yanachonga kijifereji kwenye uso wa nje, kijifereji kinapanuka kinarudi nyuma kuelekea kwenye maji, na kikishafika kwenye maji hakuna mtu wala greda litakalozuia.

Umeshatoa? Haya tuendelee.

Mimi kila nikiulizwa "bwawa langu ni salama?" na mimi huwa nauliza, bwawa lako ni la kazi gani? Watu wanashangaa, wanaona nakwepa swali, lakini kwa kweli hayo ni maswali mawili ya kitu kimoja. Aliyelijenga hilo bwawa alikuwa na ng'ombe akilini. Bwawa la ng'ombe linajaa masika, linanywewa, linashuka, kiangazi kikiisha limebaki tope, yaani nusu ya mwaka tuta linapumzika halina mzigo. Wewe umeleta samaki, na mtu wa samaki anataka maji yasipungue hata kidogo. Sasa unaleta na bustani, unataka yaongezeke. Tuta ni lile lile, udongo ni ule ule, lakini kazi imebadilika mara mbili na hakuna aliyeliuliza tuta kama linaiweza. Na yako mabwawa ya watu binafsi yaliyowahi kuua ambayo yamepitia njia hiyo hiyo.

Nikupe mfano ambao ukiusoma utadhani nakusimulia wewe. Marekani, jimbo la Pennsylvania, kulikuwa na bwawa la udongo linaitwa South Fork, kimo chake kama mita 22, serikali ya jimbo ililijenga ili lilishe mfereji wa kupitishia mashua za mizigo. Treni zikaja, mfereji ukakosa kazi, bwawa likauzwa. Mmoja wa wamiliki waliofuata akang'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji chini akayauza. Baadaye ikaja klabu ya matajiri ya uvuvi na mapumziko, wakashusha kidogo kichwa cha tuta ili magari ya farasi yapishane juu, na kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka nini? Wavu wa kuzuia samaki. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, wavu ukanasa takataka, wafanyakazi wakahangaika kuzitoa wakashindwa, maji yakapanda tuta likakatika. Mji wa Johnstown ulikuwa kilomita zaidi ya 20 kuelekea chini na wakafa watu 2,209. Bwawa lile ni kubwa kuliko lako mara nyingi sana, najua, sikutishi kwa ukubwa, nakuonyesha mlolongo ulivyokwenda: kazi ya kwanza ikaisha, bomba likaondolewa, kichwa kikashushwa, samaki wakawekewa wavu. Kila hatua peke yake ilionekana ndogo tu.

Na si habari za zamani peke yake. Bwawa la Kelly Barnes, jimbo la Georgia huko huko Marekani, lilikuwa likizalisha umeme, umeme ukasimamishwa mwaka 1957, bwawa likabaki ziwa la mapumziko hadi usiku wa Novemba 1977 lilipopasuka likaua watu 39, na chini yake kulikuwa na chuo. Ka Loko kule Hawaii lilijengwa kwa ajili ya kumwagilia miwa, likapasuka Machi 2006, watu 7. Na Solai, Kenya, bwawa la shamba binafsi, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 katikati ya mvua za masika, likaua watu zaidi ya 40, na wengi walikuwa ndani ya nyumba zao. Unaona usiku unavyojirudia hapo? Mvua kubwa inaweza kumaliza kazi yake wakati watu wamelala, na bwawa la mtu binafsi halina mlinzi wa usiku.

Sasa huyo fundi wa greda anayesema ni dogo. Tupige hesabu pamoja. Hekta moja, kina mita 4 mahali pa kina zaidi, kwa kukadiria unazidisha eneo kwa kina afu kwa 0.4 kwa sababu bonde linapungua kadiri unavyoshuka, unapata mita za ujazo kama 16,000. Mita moja ya ujazo ni tani moja. Tani 16,000 ndugu yangu, ni malori 800 ya tani 20 yameegeshwa juu ya nyumba tatu. Tuta likikatika maji yakaenda mwendo wa mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao si mkali hata kidogo kwa mafuriko, mita 600 yanazimaliza kwa dakika 5. Mtu hajapata hata viatu. Ndo maana wataalamu wa mabwawa hawaangalii kimo peke yake, wanaangalia kilichoko chini. Bwawa la mita 10 lililo juu ya pori tupu lina hatari ndogo kuliko lako. Kwa hiyo jirani yako ana haki ya kuogopa, usimchukie, ingawa kwenye kubomoa nina neno langu, tutafika.

Na ile "mita moja tu" unayotaka kuongeza? Hekta moja mara mita moja ni mita za ujazo 10,000, na bado eneo lenyewe litapanuka kidogo, kwa hiyo unatoka 16,000 unakwenda zaidi ya 26,000. Msukumo chini kabisa ya tuta unatoka tani 4 kwa kila mita ya mraba unakwenda tani 5. Tena tuta halipandishwi kwa kumwaga udongo juu kama mtu anayevaa kofia. Ukiongeza kimo lazima uongeze na unene kuanzia chini, kwa kawaida uso wa ndani, yaani upande wa maji, unalala mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo na uso wa nje mita 2 hadi 2 na nusu, juu pabaki upana wa mita 3 angalau, na udongo mpya unashikanishwa na ule wa zamani kwa tabaka nyembamba za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lina unyevu wake sahihi na linashindiliwa kwa rola. Udongo uliosukumwa tu na greda ukaachwa unakuwa na mwanya kati ya wa zamani na mpya, na maji yakijaa yanaupata huo mwanya. Usipandishe.

Halafu ngoja nikuulize, hiyo mita unaihitaji kweli? Bustani robo hekta, chukua milimita 5 za maji kwa siku, ni mita za ujazo 12 na nusu kila siku, kiangazi cha miezi minne ni 1,500. Mvuke nao, hekta moja ikipoteza milimita 5 kwa siku ni 50 kila siku, miezi minne ni 6,000, tena nimekupigia za juu maana eneo linapungua kadiri maji yanavyoshuka. Jumla 7,500 kati ya 16,000. Maji unayo tayari! Linaloiba maji yako ni jua, bustani ni kidogo sana. Na kama bwawa ni la zamani basi nusu yake huenda imejaa tope, kiangazi ukichota tope sehemu ya katikati mbali na tuta unapata nafasi ya bure bila kuongeza hata sentimita moja ya kimo. Ila usichimbe karibu na tuta na usitoboe lile tandiko la mfinyanzi la chini, ukikutana na mchanga simama hapo hapo, fukia na shindilia.

Samaki nao wana dawa. Wafuge kwenye vizimba vya wavu vinavyoelea katikati ya maji, hawatoki hata mvua inyeshe namna gani na utoro wa maji unabaki wazi. Utoro ndo ile njia ya pembeni. Usiupunguze, usiuzibe kwa mifuko ya mchanga kiangazi ili "kubakiza kidogo", nimeona hiyo mara nyingi na kila mara mwenye bwawa anasema nitaitoa kabla ya mvua. Sakafu yake inatakiwa iwe chini ya kichwa cha tuta kwa mita moja hivi, iwe pana, iwe na nyasi fupi, na maji yake yatoke mbali na kitako cha tuta. Upana wake unatoka kwenye hesabu ya eneo linaloleta maji bondeni, hiyo mwachie mhandisi, asikukadirie kwa macho. Wewe pima kimo. Chukua ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga mafundi wanautumia kupima leveli, jaza maji, mwenzako ashike ncha moja kwenye sakafu ya utoro na wewe tembea na nyingine juu ya tuta lote mita 5 kwa mita 5, andika kila kipimo. Utashangaa. Tuta la zamani karibu kila mara limezama katikati, palepale kina cha maji kilipo kikubwa, na mtu kwa macho anaona liko sawa.

Sasa tuje kwenye ile sehemu isiyokauka, hii ndo inayoninyima raha zaidi katika barua yako maana umeitaja kama jambo dogo. Kila tuta la udongo linapitisha maji kidogo, hilo peke yake si ugonjwa. Swali ni maji yanatoka na nini. Maji safi yametoka peke yake, maji ya tope tope yametoka na tuta lako. Yakianza kubeba chembe za udongo yanachimba bomba ndani kwa ndani, kuanzia nje kurudi ndani, juu nyasi ziko kijani tu na tuta limesimama vizuri, mpaka siku bomba linafika kwenye maji. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa ambalo mwenyewe alikuwa akilisifia kwamba lina chemchemi, watoto wanachota pale. Nilipoinama nikaona kichemchemi chenyewe kimezungukwa na kichuguu cha mchanga laini, duara zuri kabisa kama kisahani, na chembe zinacheza katikati. Ule mchanga ulikuwa ni tuta lenyewe. Tulianza kushusha maji siku ile ile.

Wewe fanya hivi. Chimba kishimo kidogo hatua chache chini ya hiyo sehemu, usichimbe kwenye tuta lenyewe wala kitakoni hata kwa jembe moja, ongoza maji yaende kwenye kishimo kwa kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Andika tarehe, sekunde, na kimo cha maji bwawani siku hiyo. Rudia kila wiki. Ukiona kiasi kinaongezeka na maji ya bwawa hayajapanda, hiyo ni hatari. Pia jaza chupa ya kioo isiyo na rangi, iache usiku kucha mahali pasipotikisika, asubuhi tazama chini. Kama kuna tope limetulia chini ya chupa, mpigie mhandisi siku hiyo, na usingoje yeye afike ndo uanze kushusha maji.

Kuna na jaribio la glasi, dakika chache tu. Chukua kibonge cha udongo wa tuta kilichokauka, ukubwa wa punje ya hindi, kidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usitikise. Udongo mzuri utamomonyoka ukae kama kirundo na maji yabaki safi. Udongo mbaya unatoa ukungu kama maziwa unatambaa chini ya glasi, baada ya saa moja maji yote yamechafuka. Huo ni mfinyanzi unaojiachia wenyewe majini, hauhitaji hata mkondo, ufa mdogo tu unatosha. Chukua vibonge sehemu kama kumi tofauti, cha juu, cha katikati, cha karibu na bomba kama lipo. Ukiona ukungu mwambie mhandisi neno la kwanza kabisa, kwa sababu tuta la namna hiyo linatibiwa kwa chokaa au jasi na kwa chujio la mchanga upande wa nje, na kwa vyovyote haliwezi kuongezwa kimo.

Miti. Watu wanasema mizizi inashika udongo, kwenye mlima ni kweli, kwenye tuta la bwawa hapana. Mzizi ukifa unaoza na unaacha tundu lenye umbo la mzizi, na mti ukiangushwa na upepo unaondoka na bonge zima la tuta. Ile midogo, minene kama kidole gumba au mkono, kata usawa wa ardhi sasa hivi na uendelee kukata kila inapochipua. Ile minene usiguse! Ukiing'oa bwawa likiwa limejaa unaweza ukafungua mlango mwenyewe, na ukiikata ukaacha visiki unakuwa umeanzisha saa ya kuoza. Hiyo inang'olewa maji yakiwa yameshushwa, shimo linajazwa na kushindiliwa kwa tabaka. Panda ukoka, ukatwe mfupi, maana kwenye tuta lenye nyasi fupi unauona ufa, unaona matundu ya panya na fuko, unaona mchwa. Kichuguu cha mchwa juu ya tuta kisikuache ulale, chini yake kuna vijia vinavyokwenda mbali.

Angalia pia kama kuna bomba linalopita ndani ya tuta. Hujalitaja, naomba ulitafute, mara nyingi liko na limesahaulika. Pembeni ya bomba ndo mahali maji yanapopenda kupita kuliko kwingine kokote, kwa sababu kushindilia chini ya tumbo la bomba la duara ni kazi ngumu na mafundi wengi wanaruka. Kama lipo na vali yake imeshika kutu, usilazimishe kwa nyundo. Kama halipo kabisa, basi hauna namna ya kushusha maji siku ya shida, na kwa bwawa lenye nyumba chini yake hilo ni pengo la kuziba mwanzo kabisa. Kwa sasa pampu mbili na mipira ya kupitisha maji juu ya tuta zinatosha kuanzia.

Na ukishusha, shusha pole pole, sentimita 30 kwa siku usizidishe bila sababu kubwa. Tuta limelowa ndani, maji ya bwawani yaliyokuwa yanalisukuma yakiondoka ghafla uso wa ndani unaporomoka. Hapo ndo neno langu kwa jirani yako wa bomoa bomoa: greda likikata tuta lililojaa, mnakuwa mmeyaleta wenyewe yale mafuriko mliyokuwa mnayaogopa. Kubomoa kunafanywa kiangazi, maji yakiwa yameshuka, mwanya unakatwa mpana mpaka sakafu ya bonde ili pasibaki kitu cha kukusanya maji tena, na tope lililobaki linashughulikiwa lisishuke kwa majirani. Ni uamuzi halali kabisa, wala si aibu. Mhandisi akikuambia tuta linachimbika ndani na gharama ya kutibu inazidi faida ya bustani na samaki, bomoa namna hiyo.

Kwa hiyo uliniuliza umsikilize nani. Jirani yuko karibu na ukweli kuliko fundi wa greda, ila hajui namna ya kufika. Ushauri wangu kwa nilichokisoma ni hivi: utoro wazi kuanzia leo, shusha maji mita moja chini ya utoro na uyaweke hapo msimu huu wote, samaki watakuwa sawa na bustani utamwagilia, tafuta mhandisi wa mabwawa hasa, siyo wa nyumba wala wa barabara, aje aone kiangazi na arudi aone masika. Nenda pia kwenye ofisi ya serikali inayosimamia maji huko kwenu uulize kama bwawa limesajiliwa na kibali ni cha kazi gani, nchi nyingi zinataka kibali cha kuzuia maji na cha ujenzi, na kibali cha kunyweshea mifugo kinaweza kisikuruhusu umwagiliaji. Usiogope kwamba watakufungia. Bwawa lisiloandikwa popote likipasuka anayetafutwa ni mwenye shamba wa leo, yaani wewe, aliyekuuzia hatakuwepo.

Halafu zile nyumba tatu, nenda jioni wakiwa wote nyumbani. Waambie kuna bwawa, waambie unalifanyia nini, chukua namba za simu za kila nyumba na uwaachie yako, mkubaliane mahali pa juu pa kukimbilia na njia ya kupita isiyokatiza bondeni wala kwenye ile barabara. Usiku wa mvua kubwa mmoja wenu ashike tochi apite kitako cha tuta chote, atazame maji yana rangi gani, atazame utoro kama unapitisha, na akiona maji ya tope au ufa juu ya tuta apige simu kwanza kule chini, awaamshe watu, hata kama ni saa 9 usiku na hata kama hana hakika.